MAKAMU WA MAKAMU



Wako watu, na wengine ni wenye elimu, wasemao kuwa Warundi waliojazana katika kambi ya Lukole, wilaya ya Ngara, tangu miaka ya 1990 hata ilipofungwa mwaka 2008, walifikishwa huko na "chuki ya asili". Hasha! Usemi huo unamfichia mkosaji aibu yake.

Tuitazame ngazi ya utawala ule. Mfalme yuko Brussels. Chini yake Gavana Mkuu, Leopoldville. Chini ya huyo, kwa sheria ya mwaka 1925, Makamu wa Gavana Mkuu, Usumbura, aliyekabidhiwa Ruanda na Urundi. Kisha Rezidenti wa Kitega. Na chini ya Rezidenti, Mwami Mwambutsa, mwenye ngoma na kiti, asiye na amri. Ukimuuliza Mwami, amri imetoka kwa Rezidenti. Ukimuuliza Makamu, atakwambia ni desturi ya Mwami. Sisi wa visiwani hatuhitaji mkalimani hapa: Seyyid alikuwa na bendera, na Balozi wa Kiingereza, tangu 1913, alikuwa na kalamu.

Wala Makamu hakukaa bure. Mwaka 1931 Makamu Voisin alimwondoa Mwami Musinga wa Ruanda katika kiti chake kama tajiri amfukuzavyo mpagazi, akamtawaza mwanawe. Huko Urundi, kwa kisingizio cha kutengeneza utawala, machifu walipunguzwa. Mwaka 1929 Wahutu walikuwa 27 katika machifu 133. Mwaka 1945 machifu walibaki 35, na Mhutu hakuwamo hata mmoja. Someni tena hesabu hiyo! Hiyo ndiyo "chuki ya asili": ina mwaka na ina mhuri. (Hatusemi kuwa waliouana hawana dhambi, tunasema hawakuwa peke yao.)

Hata mpaka waliouvuka ulichorwa na wageni. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa nchi ya Mwami wa Urundi. Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza waliikata mwaka 1919. Gisaka ilirudishwa Ruanda. Bugufi Mwambutsa aliidai hata mbele ya Umoja wa Mataifa, asipewe. Basi Mrundi aliyepita Bugufi kukimbilia Lukole, baada ya kuuawa Rais Ndadaye Oktoba 1993, alikanyaga udongo uliokuwa wa kwao, akaambiwa yeye ni mgeni, asiende zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila ya ruhusa.

Na waliochora? Mwaka 2020 Bunge la Ubelgiji liliunda kamati ya kuchungua ukoloni wake katika Kongo, Rwanda na Burundi. Desemba 2022 kamati ikamaliza kazi pasipo kuafikiana juu ya neno moja: radhi. Miaka miwili na nusu, na ulimi umeshindwa!

Tunalodai ni hili. Radhi ya ukoloni itamkwe rasmi, kwa jina la cheo kilichotenda, na itamkwe Gitega na Kigali, mbele ya watu waliotendewa.