Moto Una Msimu, Sisi Hatuna Mkataba

Mvua za Nyanda za Juu Kusini hukatika Mei. Juni na Julai sakitu huua majani, upepo wa Agosti hukausha kilichobaki, na kuanzia hapo mpaka mvua za Novemba kila mtu wa Mufindi, Kilolo na Njombe anajua kwamba kutawaka. Hatujui ni kilima kipi, wala nani atakayeponyokwa na moto shambani kwake, lakini kutawaka. Basi sisi tunaouzima tunauliza: jambo linalokuja kila mwaka, katika miezi ileile, kwa nini kila mwaka tunaliendea kama vile limetuangukia usiku tumelala?

Tunaosema haya ni watu wa aina mbili, ingawa mara nyingi ni mtu yuleyule. Kuna vibarua wa msimu, wanaochukuliwa na mashamba ya miti kiangazi kinapoanza: wafyeke barabara za moto, wakae mnarani kuangalia moshi, walale kambini wakisubiri lori. Na kuna wanakijiji, ambao hawakuajiriwa na mtu, wanaotoka mwenyekiti anapopiga filimbi au kengele ya shule inapolia saa isiyo ya shule. Kibarua akimaliza muda wake anarudi kijijini, na filimbi inamkuta huko huko.

Msomaji wa mbali aelewe kwanza tunacholinda. Mufindi ndiko liliko shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, zaidi ya hekta laki moja. Kuzunguka mashamba makubwa ya namna hiyo kuna vishamba vyetu: ekari mbili huku, ekari tano kule, misindano na milingoti tuliyoipanda kwa mikono yetu. Hiyo ndiyo ada ya mtoto, ndiyo bati la nyumba, ndiyo matibabu ya mama. Mti wa miaka minane haujafika kuuzwa kwa bei ya maana, na ukiungua umekwisha, hakuna bima iliyousubiri. Nguzo ya umeme iliyosimama mbele ya nyumba yako huenda ilikua huku. Mbao za kitanda chako vilevile.

Na moto wa miti hii si moto wa nyasi. Chini ya misindano kuna tandiko la majani makavu yenye utomvu, likishika halina suluhu. Mlingoti una magamba yanayobanduka yenyewe, na upepo huyachukua yakiwa yanawaka na kuyavusha barabara ya moto tuliyoifyeka wiki nzima. Ndiyo maana hatuendi kiholela. Mafyekeo hutangulia, majembe hufuata yakikwangua mpaka udongo mwekundu uonekane, wapigaji hukaa nyuma na miti yao yenye vipande vya mpira wa tairi, au matawi mabichi kama hiyo miti haikuletwa. Moto ukipanda vileleni hakuna anayeukabili kwa tawi. Hapo tunarudi nyuma, tunachagua mstari, na mzee mwenye uzoefu ndiye anayeamua kama tuwashe moto wa kukutana nao, yaani kuchoma majani mbele yake ili ukifika usikute chakula. Uamuzi huo ni mzito. Upepo ukigeuka dakika mbili baada ya kuwasha, tumejizingira wenyewe.

Kazi nzuri hufanyika usiku wa manane. Upepo hutulia, hewa hushika unyevu, ndimi zinashuka chini. Ukiona watu wanasinzia asubuhi kwenye kilabu cha ushirika, usiwaite wavivu kabla hujauliza walikuwa wapi saa tisa usiku.

Sasa tuseme habari ya sisi kwa sisi, maana bila hiyo kazi hii ingekuwa imekosa watu zamani. Moshini humwoni mwenzako, unamsikia. Kila mtu ana mtu wake wa kulia na wa kushoto, na kazi yake ya kwanza, kabla hata ya kupiga moto, ni kuwaita kwa majina. Asiyeitika mara ya pili anafuatwa. Kijana mgeni huwekwa katikati ya mstari, hata awe na mikono ya chuma, kwa sababu nguvu hazimwambii mtu moto unapita wapi. Maji ya mwisho katika dumu ni ya walio mbele. Kiongozi wa mstari hahesabu wakati wa kwenda tu, anahesabu pia wakati wa kurudi, na hesabu isipotimia hakuna anayepanda lori, awe amechoka namna gani.

Kuna nyimbo za kukwangua, ambazo hazina maana kubwa kwa asiyeshika jembe, lakini zinazifanya mbavu zisahau. Kuna utani. Mhehe na Mngoni wakiwekwa mstari mmoja, kila mmoja anadai babu wa mwenzake ndiye aliyeuleta moto huu, na watu wanacheka hata macho yakiwa yamevimba kwa moshi. Na kuna mama zetu na dada zetu, ambao taarifa za moto huwasahau kila mara. Ndoo ya maji inayofika juu ya kilima imepandishwa kichwani na mwanamke. Ugali na maharage yanayotukuta saa nne usiku yamepikwa na wanawake kwa unga wa nyumbani kwao, na togwa ile ile iliyokuwa ya watoto asubuhi ndiyo inayotupa nguvu ya saa mbili nyingine. Unga huo haujawahi kurudishwa na mtu yeyote.

Mwenzetu mmoja aliungua nyayo. Alikuwa amevaa gambuti za mpira, kwa sababu ndizo alizokuwa nazo, na mpira ulilainika akiwa amesimama juu ya mizizi inayofuka chini kwa chini. Alilala ndani mpaka mvua zikaanza. Shamba lake la mahindi tulililima sisi wa mstari wake, tukalipanda, na kila Jumapili mmoja wetu alimpelekea mafuta ya taa na sabuni. Tunajivunia hilo na tutalifanya tena. Lakini tunasema wazi kwamba hiyo haikuwa kazi yetu peke yetu. Nchi hii ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi tangu 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Mfuko unamwangalia mwajiriwa. Aliyeitwa kwa filimbi ya kijiji ni mwajiriwa wa nani? Katika vijiji vingi sheria ndogo zinamtaka kila mwenye nguvu aende, na asiyekwenda anatozwa faini. Yaani kukataa kwake kumeandikwa na kuwekewa adhabu, kuumia kwake hakukuandikwa popote.

Na kibarua wa msimu, ambaye angalau ana bosi, naye mara nyingi ameajiriwa kwa mdomo. Jina lake liko kwenye daftari la nyapara, na daftari hilo likipotea amepotea nalo. Malipo yanachelewa mpaka mtu anakopa nauli ya kuyafuata. Hatutaji shamba wala kampuni, kwa sababu lawama hii haina mmiliki mmoja.

Kuna jambo moja linalotuuma kuliko hata gambuti. Siku ndimi zinapozimika, viongozi hutangaza kwamba moto umedhibitiwa, magari yanaondoka, na siku za malipo zinakatwa hapo. Lakini moto wa misindano haufi siku ndimi zinapozimika. Unakaa kwenye visiki, kwenye mizizi, kwenye mboji, na unaweza kufuka kwa siku kadhaa ukingoja upepo wa mchana. Ni lazima watu wabaki wakifukua, wakimwaga maji, wakigusa udongo kwa mgongo wa mkono kusikia kama una joto. Siku hizo ndizo zinazoamua kama kijiji cha pili kitaungua au la. Siku hizo hazina posho, hazina chakula, hazina gari la kuturudisha.

Tunasikia tukiambiwa kwamba kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na namba 114 tunaijua. Tunawaheshimu askari wale. Ila gari la maji limetengenezwa kwa soko na nyumba, haliwezi kupanda mteremko ambako hata pikipiki inasukumwa. Huko juu anafika mtu kwa miguu. Ndivyo ilivyokuwa Kilimanjaro Oktoba 2020. Moto ulianza tarehe 11 eneo la Whona, na watu wapatao 500, wakiwemo wananchi wa kawaida, walipanda kuupiga kwa mapanga na matawi. Nchi nzima iliutazama mlima ukiwaka usiku. Tungependa iwe inawakumbuka na waliopanda.

Wakati ule ilielezwa kwamba chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Na huku kwetu vilevile, mara nyingi moto unatoka kwetu: mtu anaandaa shamba, mwingine anarina asali kwa mwenge, mwingine anawinda, mwingine anachoma mkaa. Hatukatai. Sheria ya Misitu ya 2002 ina sehemu nzima kuhusu uchomaji, na anayechoma bila utaratibu na bila kuwaambia majirani anastahili kuadhibiwa, hata awe shemeji yetu. Lakini hoja ya kwamba moto umewashwa na mwanakijiji isigeuzwe kuwa sababu ya kutomlipa mwanakijiji mwingine aliyeuzima. Hao ni watu wawili.

Tena si sisi peke yetu barani tunaolalamika. Afrika Kusini ilianzisha mwaka 2003 mpango wa Working on Fire, unaochukua vijana wasio na kazi, kuwafundisha, kuwavisha sare na kuwalipa, na sasa wanahesabika kwa maelfu. Mwaka 2016 vijana wao wapatao 300 walipelekwa Alberta, Kanada, kusaidia moto mkubwa wa Fort McMurray. Walitua Edmonton wakiimba na kucheza, na video ile ilizunguka dunia. Siku chache baadaye waliweka zana chini kwa sababu ya malipo: wakiwa kule walikuwa wakipewa dola 15 kwa siku, na salio walingoje nyumbani. Wengi waliona aibu kwamba waimbaji wale wamegoma. Sisi hatukuona aibu yoyote. Anayeimba kazini bado ana tumbo na watoto, na wimbo haumfutii mwajiri deni. Hata hivyo vijana wale walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: mkataba wa kubishania.

Tunachoomba kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kibarua wa moto apewe mkataba wa maandishi kuanzia kiangazi kinapoanza mpaka mvua zinyeshe, na siku za kulinda visiki zihesabiwe kama siku za moto. Kila kijiji kinachopakana na misitu kiwe na orodha ya watu wake wa moto, iliyosainiwa kabla ya msimu, na aliye kwenye orodha hiyo akiumia atibiwe na alipwe kama mtu aliyeumia kazini. Viatu vya ngozi, si mpira. Mabomba ya mgongoni yanayofanya kazi, yakaguliwe Mei, siyo siku moto umefika. Na mama anayetoa unga arudishiwe unga.

Wamiliki wa mashamba makubwa nao tunawaambia kitu kimoja. Mistari yenu ya misindano haikingwi na mnara peke yake. Inakingwa na jirani anayeamua kuamka saa nane usiku. Jirani huyo ameamka miaka yote bila kulazimika kupenda kampuni yoyote, kwa sababu mwenzake wa kulia ameshatoka na hawezi kumwacha peke yake moshini. Msiitumie imani hiyo kama kisingizio cha kutolipa.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, na msimu wa moto hauko mbali nyuma yake. Waheshimiwa madiwani na wabunge wetu, fungu la moto liwekwe wakati wa kupanga bajeti, lisitafutwe Septemba moshi ukishaonekana. Majina yetu wenyeviti wa vijiji wanayo.