Mastaa wa "Nimeficha Hela, Njooni Mtafute": Geita na Shy Mtatuulia Watu!

Wadau, leo hatupaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna hii kiki ya mtandaoni: staa anarusha video, anasema ameficha bahasha ya hela mahali, anatoa kidokezo kimoja, halafu anakaa pembeni kurekodi watu wanavyokanyagana. Majina tunaweka kapuni, mnajijua. Mkifanyia kwenye maduka makubwa ya mjini, mtajuana na walinzi. Ila ukitaka kuileta Geita, Kahama au Shinyanga, hapana. Acha kabisa.

Kwanza tuwekane sawa, maana wengi mnakopi kitu msichokijua. Mchezo wenyewe unaitwa jiokashi. Ulianza Mei 2000 huko Oregon, Marekani, siku chache tu baada ya serikali yao kuondoa kizuizi kilichofanya GPS ya raia isome eneo kwa makosa. Jamaa mmoja akaficha ndoo yenye vitu vidogo vidogo, akaweka namba za eneo mtandaoni. Ukiikuta, chukua kitu, acha kitu, andika jina kwenye daftari. Basi. Hakuna mamilioni.

Utamu uko kwenye zile za mafumbo. Chukua Wakanada, ambao wana wazimu na hoki ya barafu kama sisi na Simba na Yanga, na wanaitazama kwenye runinga tangu 1952. Mtu anaficha kopo, anatunga maswali ya hoki. Wayne Gretzky alivaa jezi namba ngapi? 99. Bobby Orr je? 4. Mechi ina vipindi vingapi? 3. Majibu unayajaza kwenye nafasi zilizoachwa wazi za latitudo na longitudo, ndipo unajua kopo liko wapi. Namba iliyowekwa hadharani ni danganya toto. Bila kichwa hufiki.

Sasa nyie mmechukua nini hapo? Fumbo mmetupa. Daftari mmetupa. Hata ile sheria ya kwamba kopo halifukiwi ardhini mmeitupa. Mmebakiza hela na kamera.

Huku kwetu neno "kimefichwa" siyo la utani. Watu wanaamka alfajiri, wanashuka kwenye duara kwa kamba kutafuta kilichofichwa. Oktoba 2015, Nyangalata kule Kahama, mgodi ulititia, na wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Januari 2017, Geita, wengine 15 walinasa chini kwa siku kadhaa kabla ya kuokolewa. Na hao walikuwa wanaijua kazi! Je, mwanachuo mwenye simu mkononi, usiku, anayekimbilia bahasha kwenye mashimo ya zamani yaliyofunikwa na majani, nani atamtoa? Wewe utakuwa umeshapandisha video na kulala.

Na kuna jingine zito zaidi. Kanda ya Ziwa hadithi za utajiri wa kificho zimeshamwaga damu. Watu wenye ualbino waliuawa kwa sababu matapeli waliwaaminisha watu kwamba viungo vyao vinaleta mali. Ikafika Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Simfananishi staa yeyote na muuaji, tuelewane. Ninachosema ni kwamba kijana wa huku ameshaambiwa sana kuwa yupo mtu mmoja anayejua mali ilipo, kazi yako ni kufuata tu anavyosema. Hatuhitaji mwalimu mwingine wa somo hilo, hata akija na miwani ya bei mbaya.

Najua mtakuja na "wivu tu huo, waacheni vijana wapate". Wapate nini? Mmoja anaondoka na bahasha, mia wanarudi nyumbani bando limeisha na viatu vimekatika. Wewe unaondoka na watazamaji wa wote mia na moja. Watu wa Geita hesabu hiyo wanaijua vizuri, si wanajua magwangala? Mawe yenye mali yameshapita, mwananchi anagombea mabaki.

Mnataka kufanya kitu cha maana? Tungeni fumbo. Malighafi imejaa. George Mpole wa Geita Gold alifunga mabao mangapi alipokuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu 2021/22? 17. India iliifunga Tanzania ngapi kwenye hoki ya Olimpiki ya Moscow 1980? 18-0, na ndiyo, tulikuwa na timu ya hoki Olimpiki, wengi hamkujua. Ile almasi ya waridi ya Mwadui aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947 ilikuwa na karati ngapi kabla ya kukatwa? 54.5. Na John Williamson aliyeigundua Mwadui mwaka 1940 alikuwa Mkanada. Kwa hiyo hata fumbo la hoki lina undugu na Shy, ukitaka.

Kopo liwekwe juu ya ardhi, sehemu inayofikika mchana, kwa ruhusa ya mwenye eneo, mbali na mashimo na mbali na leseni ya mchimbaji yeyote. Ndani weka jezi, bando, vitabu. Washindi wawe waliojibu, siyo waliosukumana.

Na kama huwezi kutunga maswali matano kuhusu mkoa unaotaka ukupe wafuasi, basi huna shughuli huku. Baki na bahasha yako.

Wana wa Shy na Geita, kuna niliyemuonea hapa? Shukeni na komenti.