Mabeste wa Mtoni

Mwezi huu tuwape waume na wakwe likizo kidogo. Tuongee kuhusu mabeste. Hebu jiulize: ukiondoa chama, harusi na matanga, ni lini mara ya mwisho mlikutana na rafiki zako bila mtu kutoa mchango?

Mimi nina kundi langu. Tuko wanne, na kinachotuunganisha huwachekesha watu: tunavua samaki. Si tilapia wa nyavu, la. Tunavua trauti kwa fimbo ndefu na nzi wa bandia, leseni mfukoni, tukiwa tumesimama kwenye maji ya baridi katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Samaki hawa waliletwa na Wazungu, wakatiwa katika mto Gura mwaka 1905, na kwa miaka mingi mchezo huu ulionekana kuwa wa wanaume wao. "Mwanamke mzima na fimbo ya kuvulia?" shemeji yangu aliniuliza. Nikamjibu, eeh, na buti za mpira pia!

Utamu wake ni huu. Nzi mwenyewe ni manyoya na uzi uliofungwa kwenye ndoana, mwepesi mno, huwezi kumtupa kama jiwe. Anayembeba ni mshipi. Unaurusha nyuma, unangoja unyooke, ndipo unaupeleka mbele. Ukiharakisha, umevua kichaka. Ni vigumu kujifunza hayo peke yako, maana mgongoni huna macho. Mwenzako husimama kando akikuambia, "Ngoja... ngoja... haya sasa!" Mtu aliyekuambia "ngoja" mara mia bila kukasirika, huyo utamwamini hata na mambo ya nyumbani.

Na mambo hayo hutoka. Mkikaa mkahawani mnatazamana, kila mtu amejipamba, kila mtu eti yuko poa. Mtoni kila mmoja anatazama maji yake. Ni huko mmoja wetu alisema, bila hata kugeuka, kwamba ameambiwa uvimbe ulio kwenye titi lake ni saratani. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikunja mishipi, tukakaa naye ukingoni mpaka jua likashuka.

Baada ya upasuaji, kufunga sidiria ilikuwa kazi. Mazoezi ya mkono aliyopewa aliyachukia, akawa anayakwepa. Ndipo tukasoma kuhusu Casting for Recovery, mpango ulioanzishwa jimbo la Vermont, Marekani, mwaka 1996, na daktari wa upasuaji pamoja na mwanamke mvuvi. Waligundua kwamba kurusha mshipi kunafanana na mazoezi ya kunyoosha mkono na bega wanayopewa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti. Huwakusanya wanawake hao kwa siku chache bila malipo, wakavua na kuzungumza na wenzao wanaoyajua maumivu hayo.

Vermont ni mbali, lakini nyasi za nyuma ya nyumba yake zilikuwa karibu. Daktari wake alipokubali, tukaanza hapo, bila ndoana. Dakika tano, kesho yake kumi. Sisi watatu kando: "Ngoja... ngoja..." Yale mazoezi aliyoyakimbia sasa akawa anatupigia simu kuyaulizia. Miezi kadhaa baadaye alisimama tena ndani ya mto Thego. Hakupata samaki hata mmoja, na alicheka siku nzima.

Sitawadanganya: mshipi hauponyi saratani. Matibabu ni ya hospitali, na hofu humrudia kila akienda kupimwa. Tofauti ni kwamba haendi peke yake.

Kwa hivyo dada, tafuteni kitu cha kufanya kwa mikono. Si lazima kiwe samaki. Iwe kushona, bustani au kupanda mlima. Kiwe kitu cha kuwafanya mngojeane. Mume akiuliza Jumamosi nzima ni ya nini, mwambie ukweli: una watu wako, na nao wanakuhitaji.

Na jambo la mwisho. Mtoni tunangoja, lakini uvimbe haungojwi. Ukiugusa leo, kesho uwe kwa daktari. Nenda na beste wako.

Tukutane mwezi ujao!