Askari Wetu Wafe Bila Jina?

Ndugu zangu, leo nawasemea askari, na najua wengine mtanuna kwa sababu ya rushwa za barabarani.

Tarehe 22 Machi 2017 Konstebo Keith Palmer, asiye na bunduki, alichomwa kisu akilinda Bunge la Uingereza. Mwaka huohuo akatunukiwa nishani ya George. Tangu 2024 ipo pia Elizabeth Emblem, beji wanayopewa ndugu wa watumishi wa umma waliokufa kazini, na sisi manesi tumo.

Aprili 2017, wiki chache baada ya Palmer, askari wetu wanane waliuawa Kibiti, gari lao liliposhambuliwa. Nani kati yetu anaweza kutaja jina la hata mmoja? Tulishika idadi, basi.

Mtaniambia nishani hailiwi. Kweli, mafao ya mjane yatangulie, tena mapema. Na anayepiga raia asivishwe kitu, hata awe na nyota ngapi begani. Lakini mtoto wa marehemu anayesikia kila siku kwamba polisi wote ni wezi, anahitaji karatasi ya serikali inayosema baba yake alifanya nini. Waziri wa Mambo ya Ndani awasome wale wanane hadharani kila Aprili, jina kwa jina.