Kabla hujanunua difu, hesabu meno

Huenda wewe si shabiki wa mbio za magari. Hata hivyo, ukikaa Nakuru kwa juma moja tu, utasikia Subaru Impreza ikipita na eksozi yake ikinguruma. Ukiuliza utaambiwa ni gari la kijana fulani aliyeachiwa na mjomba wake, ama la mzee aliyelinunua likiwa kuukuu ili liwapeleke watoto shule na kumfikisha Molo mwisho wa wiki. Mapenzi hayo hayakuanza jana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiendesha Impreza, naye Richard Burns akaishinda ya mwaka 2000 kwa gari la aina hiyo hiyo. Na mashindano hayo yaliporejea kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, yalikuja papa hapa kwetu bondeni, Naivasha na Soysambu.

Taabu huanza siku difu ya nyuma inapolia. Ni mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta na kubadilika unapoachilia. Mara nyingi huja baada ya sili kuvuja kwa miezi mingi bila mtu kuinama kutazama chini ya gari. Fundi akifungua na kukuta meno yamelika, atakutuma ukatafute nyingine.

Madukani utazikuta difu zilizotumika kutoka Japani zimepangwa sakafuni kama vyungu sokoni, zote nyeusi, zote zimepakaa oili. Kwa macho zinafanana. Muuzaji atakuuliza kama ni ya Impreza, utasema ndiyo, naye atakunyooshea kidole moja. Jibu hilo halitoshi hata kidogo, na huenda likakugharimu gia boksi nzima.

Ndani ya difu mna gia mbili za kuangalia. Pinioni ni ndogo, nayo huzungushwa na propela. Krauni ni pana kama sahani, nayo ndiyo huyapa magurudumu nguvu. Ukigawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni unapata uwiano ambao mafundi huuita resho. Krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 9 hutoa 4.11. Meno 40 kwa 9 ni 4.44. Meno 39 kwa 10 ni 3.9, na 39 kwa 11 ni 3.545. Subaru imetumia zote hizo, na ganda la nje halikuambii lolote.

Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, kama ile Toyota AE86, ukikosea resho gari litabadilika mwendo, na huenda kipima mwendo kikakudanganya, lakini utafika nyumbani. Impreza haina huruma hiyo. Difu yake ya mbele imo ndani ya gia boksi, ya nyuma iko peke yake, na katikati iko ya tatu inayogawa nguvu. Tuseme mbele ni 4.11 nawe umefunga 4.44 nyuma. Propela ikizunguka mara 100, difu ya 4.11 ingetaka gurudumu lizunguke mara 24.3, na ile ya 4.44 mara 22.5. Lakini barabara ni moja na magurudumu yote huenda mwendo mmoja. Tofauti hiyo inabebwa na difu ya katikati, ambayo iliundwa kubeba tofauti ndogo ya kona, wala si ya safari nzima kutoka Nakuru hadi Gilgil. Kwenye gia boksi nyingi za kawaida za Impreza, difu hiyo ina kifaa chenye majimaji mazito. Majimaji hayo hupata moto, kifaa hushika, na gari huanza kujivuta unapokata kona ukitafuta pa kuegesha. Kwenye matope ya Njoro huenda usitambue lolote. Kwenye lami utatambua, na pengine kwa kuchelewa. Wapo watakaokwambia itazoea. Chuma hakizoei.

Kuna mtego mwingine. Baadhi ya Impreza zina 3.9 mbele na 3.545 nyuma, na hilo si kosa la kiwanda. Ndani ya gia boksi hizo mna gia ya ziada ya 1.1 kuelekea nyuma, na 3.545 mara 1.1 ni 3.9. Anayejua nusu ya habari atafunga 3.9 nyuma akidhani anarekebisha mambo.

Kwa hivyo, usimwachie mtu difu yako ya zamani kabla ya kuihesabu, hata kama imekufa. Ikiwa gari lilikuwa likienda vizuri nayo, hiyo ndiyo iliyo na jibu. Kama bado inazunguka, iweke mezani na uchore alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni. Watu wawili wazungushe ncha mbili za kando kwa pamoja, upande mmoja, mara 10 kamili, na mtoto wa Gredi ya 7 ahesabu pinioni. Akipata 35 na nusu, ni 3.545. Akipata 39, ni 3.9. Akipata 41 na kidogo, ni 4.11, na 44 na karibu nusu ni 4.44. Ikiwa haizunguki, fungua kifuniko uhesabu meno yenyewe. Kisha nenda dukani na ufanye hesabu ile ile juu ya difu unayotaka kununua, kabla ya kutoa pesa. Muuzaji atakayekukataza amekwisha kukujibu.

Linganisha pia mahali shafti za kando zinapoingia, kwa kuwa nyingine huchomekwa ndani na nyingine huvishwa juu. Aidha, kuna ukubwa wa aina mbili, R160 na R180, namba hizo zikiwa ni upana wa krauni kwa milimita. Ya R180 utaikuta kwenye STI za gia sita.

Vijana wengi hutaka 4.44 kwa sababu gari huchomoka. Sitawabishia sana. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na Timboroa imepita mita 2,700. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na taba huchoka ikipanda. Lakini pale injini ilipokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kwa 4.11, sasa itazunguka karibu 3,240, siku zote, hata kwenye tambarare ya Naivasha, na petroli ni yako. Tena itabidi ubadilishe gia boksi pamoja na difu. Kwa gari la nyumbani, mimi ningebaki na resho iliyokuja nalo.

Na ukishawishiwa ununue krauni na pinioni tupu ili zifungwe kwenye ganda lako, kumbuka kwamba gia hizo husuguliwa pamoja kiwandani na huishi kama mume na mke. Krauni ya huku na pinioni ya kule zitalia na kuvunjana. Hata zikiwa jozi halisi, fundi lazima apime nafasi kati ya meno kwa sehemu za mia za milimita na apake rangi kuona zinagusana wapi. Asiye na saa ya kupimia usimpe kazi hiyo. Nunua difu nzima.

Oili iwe ya GL-5, takriban lita 0.8 kwa R160. Kabla ya kumwaga ya zamani, hakikisha kwanza bolti ya juu ya kujazia inafunguka. Ikigoma baada ya kumwaga, gari halitoki hapo gereji.