Kocha wa Stars ahukumiwe kwa waliomfikia macho

KOCHA wa timu ya taifa anapotangaza kikosi, husifiwa au kulaumiwa kana kwamba ndiye aliyemlea kila mchezaji tangu utotoni. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: alikuwa na akina nani wa kuwaacha?

Katika kandanda ya Kimarekani, swali hilo lina jibu. Kila mwaka timu za ligi kuu ya NFL huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, ile iliyofanya vibaya ikitangulia, na kila jina huandikwa. Mwaka 2000, New England Patriots ya kocha Bill Belichick ilimchukua Tom Brady akiwa wa 199. Belichick amesifiwa sana kwa uteuzi huo, ingawa timu yake yenyewe ilimpita Brady mara kadhaa kabla ya kumchukua. Hayo yanajulikana kwa sababu orodha ipo, na yeyote aweza kuipitia.

Kenya haina orodha ya aina hiyo. Majina ya waliochaguliwa hutangazwa. Ya walioachwa hujulikana tu iwapo tayari ni mastaa.

Mfano ni wa mwaka 2019, Sebastien Migne alipoiongoza Harambee Stars katika fainali za Kombe la Afrika nchini Misri. Alimwacha nje Jesse Were, aliyekuwa akifunga mabao nchini Zambia kwa klabu ya Zesco United. Stars ililazwa 2-0 na Algeria, ikaifunga Tanzania 3-2, kisha ikachapwa 3-0 na Senegal. Mabao yake yote yalipatikana katika mechi moja. Kwa hivyo waliomlaumu Migne walikuwa na hoja, japo hakuna ajuaye kama Were angewafunga Algeria au Senegal. Muhimu ni kwamba kosa, kama lilikuwapo, lilionekana.

Mwaka 2025 mambo yalikuwa mengine. Benni McCarthy, aliyeteuliwa kuinoa Stars Machi mwaka huo, alilazimika kutumia wachezaji wa ligi ya nyumbani pekee katika fainali za CHAN, kwani ndivyo kanuni za mashindano hayo zinavyotaka. Vijana wake waliilaza DR Congo 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Angola, kisha wakaishinda Morocco 1-0 wakiwa wamebaki kumi uwanjani. Zambia nayo ililala 1-0. Safari ilikatizwa na Madagascar katika robo-fainali kwa mikwaju ya penalti. Morocco, waliofungwa Kasarani, ndio waliotwaa kombe.

Ryan Ogam alifunga mabao ya ushindi dhidi ya Morocco na Zambia. Je, sifa ni za McCarthy? Kwa kumwamini na kumpa nafasi katika mechi kubwa, ndiyo. Lakini Ogam alikuwa tayari akivalia jezi ya Tusker. Kocha alichagua kutoka kapu lililokwisha kujazwa na makocha wa klabu, na klabu kubwa zilizomo kapuni, yaani Gor Mahia, Tusker na Kenya Police, zina makao yao Nairobi.

Hapo ndipo Meru na Embu zinapoingia. Uwanja wa Kinoru mjini Meru ulikuwa miongoni mwa vilivyotengewa CHAN ya 2018, kabla ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) kuipokonya Kenya mashindano hayo Septemba 2017 kwa kuchelewa kwa maandalizi. Mwaka uliofuata Kinoru ukaandaa sherehe za Madaraka. Embu nayo ikapata zamu yake ya Madaraka mwaka 2023, katika Uwanja wa Moi. Viwanja hivyo vilipambwa kwa ajili ya gwaride na hotuba, jambo lisilo baya, ila gwaride halimpi kocha mshambuliaji.

Kijana wa Maua au Runyenjes anayetamba Jumapili bila mechi ya ligi kuu kupita karibu naye hajaachwa na McCarthy wala Migne. Hakuwahi kufika mezani pao. Kumlaumu kocha kwa hilo ni kuwasitiri wengine. Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, na uteuzi wa maskauti ni kazi ya Shirikisho la Soka la Kenya (FKF).

Kocha naye hana kinga kamili. Mwenye mshahara wa taifa aweza kuomba ratiba ya safari inayovuka Thika, au kumtuma msaidizi wake kutazama mashindano ya shule za sekondari eneo hilo. Asipoomba, huo nao ni uteuzi.

FKF yaweza kuanza na jambo lisilo la gharama kubwa: kila kikosi kinapotangazwa, itaje pia viwanja ambavyo benchi la ufundi lilifika kabla ya kuteua. Kenya ilishapewa mwaka 2023 haki ya kuandaa Kombe la Afrika la 2027 pamoja na Uganda na Tanzania. Orodha ya viwanja ikitoka bila Meru wala Embu, wakazi wa huko watajua wa kumuuliza.