Tusipurure Kabla ya Wakati

Kuna mazoea yaliyoota mizizi katika mashamba yetu, hata yale ya shule, nayo ni kuyapurura majani ya mahindi yangali mabichi ili kuwalisha ng'ombe. Anayeulizwa sababu aghalabu hujibu kwamba majani huunyonya mmea, na kwamba yakipunguzwa hindi hunenepa. Dai hili ni kinyume cha ukweli, na ni wajibu wetu sisi walimu kulikanusha.

Jani si mnyonyaji, bali ni jiko. Humo ndimo mwanga wa jua, maji na hewa hugeuzwa kuwa sukari inayoulisha mmea mzima. Mahindi yanapotoa ndevu na punje kuanza kujaa, majani yaliyo karibu na hindi na yale ya juu yake ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mkulima anayeyaondoa wakati huo hupata lishe ya siku mbili tatu, kisha huvuna magunzi yenye punje nyembamba. Je, ng'ombe akishiba leo na watoto wakalala njaa kesho, tumefaidi nini?

Sisemi kwamba jani lisiguswe kamwe. Lugha yetu imekwisha kututenganishia mambo haya. Kuchuma si kupogoa, wala kupogoa si kupurura. Sukuma wiki huchumwa: hutwaliwa majani ya chini yaliyokomaa, yale machanga ya kileleni yakaachwa yaendelee kukua. Kule Kericho, mchuma chai hutwaa majani mawili na chipukizi lake, akayaacha majani makuukuu ya chini yaulishe mchai. Nyanya nazo hupogolewa majani yanayogusa udongo, kwa kuwa matone ya mvua huyarushia vimelea vya maradhi. Katika hali zote hizi mkono una kipimo na sababu. Anayepurura hupitisha mkono tu, akaliacha bua uchi.

Hata mahindi yana wakati wake. Punje zikishakuwa ngumu na kuonyesha alama nyeusi kwenye kitako, hazipokei tena chakula kutoka kwa mmea. Hapo majani yaliyosalia na apewe ng'ombe bila majuto.

Pendekezo langu ni jepesi. Kila shule yenye shamba itenge mistari miwili ya mahindi iliyo sawa. Mmoja upururwe ndevu zinapochomoza, wa pili uachwe. Siku ya mavuno wanafunzi wazipukuchue punje, wazikaushe na kuzipima kwa mizani. Jibu watakalolipata watalipeleka nyumbani wenyewe, na mzazi atamsadiki mwanawe aliyepima kuliko mhadhiri anayeandika gazetini.

Mchuma janga, walisema wahenga, hula na wa kwao. Tuwafunze vijana wetu wakati wa kuchuma na wakati wa kuuzuia mkono.